Risiva yako ya spika za sebuleni haina nguvu kweli? Soma hii kabla hujanunua ampu ya pembeni

Mwezi uliopita afande mmoja mstaafu wa kule Bombo alinipigia simu asubuhi na mapema, mi bado nina kikombe cha chai mkononi, akasema kijana hii risiva yangu imechoka, nataka zile ampu za pembeni, boksi za nje za kuongezea spika nguvu, kubwa, kama nilizoona kwa jamaa mmoja Munyonyo, niletee bei. Nikamwambia shikamoo afande, bei ipo, lakini niruhusu nije kwanza nisikilize kwa masikio yangu. Akacheka. Haya njoo usikie watu wakinong'ona.

Nikafika, akaweka filamu. "Umeona? Wakiongea hawasikiki, nikipandisha, ikija bunduki mama anakuja mbio toka jikoni." Nikainama kuangalia senta, ile spika ya katikati. Ilikuwa imesukumwa ndani kabisa ya kabati la TV, rafu ya chini, mlango wa kioo umefungwa nusu, na juu yake kitambaa cheupe cha kufuma kimening'inia mbele hadi kikafunika twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Nikaivuta nje nikaigeuza nyuma, waya mwekundu umeingia kwenye tundu jeusi na mweusi kwenye jekundu. Nikazibadilisha, nikaileta spika mpaka ukingoni mwa rafu, nikainua pua yake kwa kipande cha mbao ili itazame masikio badala ya magoti, kitambaa nikakikunja nikampa mama. Tukarudia palepale kwenye filamu. Afande akakaa kimya kama dakika mbili alafu akauliza, "Sasa zile hela nilizotenga?" Kabla sijafungua mdomo sauti ya mama ikatoka jikoni: "Ziko huku."

Sisemi ampu za pembeni ni mbaya, mi mwenyewe ninazo na siziuzi. Ila zinaponya magonjwa machache tu, na watu wengi tunanunua dawa kabla ya kupima. Kwa hiyo tuende dalili kwa dalili, na kila mahali nitakwambia kama ampu itasaidia au utakuwa umenunua chuma cha kuwekea maua.

Ndani ya hilo boksi kuna nini

Risiva ni boksi moja lenye kazi tatu. Inapokea waya wa HDMI na kufungua Dolby au DTS, yaani sauti ya filamu iliyofungwa kwa ajili ya spika nyingi, inapanga volyumu na krosova (mpaka ambapo besi inaachiwa sabwufa) na umbali wa spika, alafu ndani mwake kuna ampu ndogondogo 5 au 7 au 9 za kusukuma spika. Hizo ampu zote zinakula sahani moja, yaani transfoma moja. Mtindo wa kutenganisha ni ubongo uwe na boksi lake na misuli iwe na boksi lake na transfoma yake. Na kuna njia ya katikati ambayo ndo naipenda zaidi kwa mfuko wa kawaida, risiva yako inabaki kuwa ubongo, unachomeka ampu kwenye matundu ya PRE OUT kule nyuma, yale yanayotoa sauti kabla ampu za ndani hazijaikuza. Geuza risiva uangalie sasa hivi. Kama kuna PRE OUT ya sabwufa peke yake na hakuna ya FRONT wala CENTER, hiyo risiva haikutengenezwa kwa safari hii, usilazimishe.

Alafu tuelewane kuhusu wati maana hapo ndo tunapoibiwa. Chukua Denon AVR-X3800H, karatasi yake inasema wati 105 kwa omu 8 (omu ni ukinzani wa spika), kuanzia hetzi 20 mpaka 20,000, upotoshaji asilimia 0.05, chaneli 2 zikifanya kazi. Hayo maneno ya mwisho ndo ya kusoma. Chaneli 2, na mashine ina 9. Zikifanya kazi zote pamoja kila moja inapata kidogo kuliko hiyo 105, na hapo bado tunaongelea watu wanaosema kweli. Wengine wanapima chaneli 1, kwa omu 6, kwa mlio mmoja wa hetzi 1,000, upotoshaji asilimia 10, wanaandika namba kubwa mbele ya boksi. Na zile seti za sabwufa zenye stika ya wati 12,000 za PMPO, zile wati za matangazo, ndo kabisa, fungua plagi yake ukute fiyuzi ya ampea 3, zidisha kwa volti 240 zetu unapata wati 720, sasa hizo elfu kumi na mbili zinapita wapi, dirishani?

Ikipanda sauti inakuwa kali, inachosha masikio

Hii ndo dalili ambayo ampu inaweza kuwa dawa kweli, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ukiwa chini mambo matamu, ukipandisha kwa ajili ya filamu ya vita au mechi ya Jumapili na wageni wamejaa, vyombo vinaanza kukwaruza, sauti za wanawake zinachoma, besi inakuwa nyembamba, na baada ya nusu saa mtu anasema jamani punguza kichwa kinauma ingawa si kwamba ni kelele sana. Sababu ya kwanza ya kushuku ni kwamba ampu ndani ya risiva imefika dari, wimbi la sauti linakatwa kichwa juu na chini badala ya kupanda mviringo. Wimbi lililokatwa hivyo linaongeza nguvu nyingi kwenye sauti za juu, na twita ndo inaipokea, ndo maana watu wanaunguza twita kwa ampu ndogo iliyolazimishwa na wanashangaa eti si nilikuwa na ampu ndogo.

Lakini usikimbilie sababu ya kwanza. Ingia kwenye menyu ya spika uangalie kama za mbele zimeandikwa LARGE au FULL RANGE. Risiva nyingi zikimaliza kujipima na maikrofoni zinaziandika hivyo zenyewe. Weka SMALL, krosova hetzi 80, besi yote ya chini iende kwa sabwufa ambayo ina ampu yake. Besi ndo inakula umeme mwingi kuliko kitu chochote, ukiitoa kwenye mgongo wa risiva ni kama kumshusha mtu gunia. Nimeona watu watatu wakipona hapo hapo bila kununua hata waya.

Kama haijapona, fanya jaribio hili. Chagua kipande cha filamu chenye fujo, kisikilize mara moja na spika zote kwenye volyumu inayokusumbua. Alafu bonyeza STEREO, zibaki mbili za mbele na sabwufa, volyumu panda mpaka ukelele ulingane na wa mwanzo. Sauti ikisafika, basi ni ile transfoma moja inagombaniwa, au ni senta yenyewe mbovu, kwa hiyo rudisha senta peke yake usikie. Ukali ukibaki palepale hata na spika mbili, mara nyingi nguvu si tatizo, tatizo ni spika au chumba, ruka uende chini nilikoandika habari za sakafu ya tailizi.

Sasa hesabu. Spika nyingi za nyumbani zinatoa kama desibeli 87 ukizipa wati 1 na ukasimama mita 1. Ukikaa mita 3, uwanjani ungepoteza karibu desibeli 9 na nusu, ndani ya chumba kuta zinakurudishia kiasi, tuseme unabaki na 80. Desibeli 80 si mchezo, mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Yaani wati 1 tayari inajaza sebule. Wati 10 ni desibeli 90, wati 100 ni 100, na wati 200 ni 103. Soma tena hapo mwisho. Kuruka toka 100 mpaka 200, mara mbili ya nguvu na pengine mara mbili ya bei, unapata desibeli 3, ambazo ni kama kugusa rimoti mara chache. Ndo maana mtu anayetoka kwenye risiva ya 105 anaenda ampu ya 140 hasikii kitu, anaanza kusema aah ni uongo wa wazungu. Si uongo, ni hesabu. Kama unanunua ampu nunua yenye kuruka kweli, mara mbili au tatu, na inayotoa hizo wati kwa chaneli zote kwa pamoja. Na spika ya desibeli 90 badala ya 87 inakupa faida ileile ya kuongeza nguvu mara mbili bila kulipa umeme wa ziada, kwa hiyo wakati mwingine hela iende kwa spika.

Majumba ya sinema yanapimwa ili kila chaneli iweze kugonga desibeli 105 kwenye vilele. Ukitaka hiyo nyumbani, spika za 87, kiti mita 4, risiva yoyote itachoka, hapo ampu ya pembeni ni lazima. Ukisikiliza kama watu wenye watoto wanaolala chumba cha pili, huhitaji.

Inazima yenyewe, inaandika PROTECT

Usiku, filamu imefika patamu, tak, kimya. Taa nyekundu inawaka inazima.

Chomoa umeme kabisa, toa waya zote za spika, washa tena. Ikikaa sawa bila spika basi risiva ni nzima, shida iko kwenye waya au spika. Chukua tochi ya simu uangalie nyuma. Mara nyingi utakuta uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, umetoroka kwenye tundu jekundu umeenda kumgusa jirani mweusi. Uzi mmoja tu unatosha kuzima mashine ya mamilioni. Toa waya, sokota ncha vizuri kwa vidole mpaka iwe kama sindano, rudisha, au weka plagi za ndizi uache mateso. Rudisha spika moja moja, washa kila mara, ile itakayoizima ndo mwizi wako.

Kama waya ni safi, weka kiganja juu ya risiva baada ya saa moja. Ikiwa huwezi kukiacha hapo ukahesabu mpaka kumi, imebanwa hewa. Watu wanaifungia kabatini, juu yake wanapanga dikoda na dikoda ina joto lake, juu ya dikoda picha ya harusi. Iache na nafasi ya kiganja juu na pembeni. Hapa ampu ya pembeni inasaidia kweli kwa sababu joto la spika za mbele linahamia boksi lingine, na kwenye risiva zenye setingi ya PREAMP unazima kabisa ampu za ndani, inakaa baridi kama chungu cha maji.

Ya tatu ni spika za omu 4. Zinanyonya mkondo mara mbili ya omu 8 kwa volti zilezile. Risiva nyingi zina swichi ya omu kwenye menyu, watu wanaiweka 4 wakidhani wameisaidia mashine, kumbe wameikaba, kazi yake kubwa ni kupunguza nguvu ili joto lisipande. Mi ushauri wangu iache 8, na kama spika zako zinashuka omu 4 na unapenda kelele, wewe ndo mteja halali wa ampu ya pembeni, sibishani na wewe.

Na ya nne ni umeme wenyewe. Jioni kila mtu amewasha pasi na jiko, volti zinashuka, mashine inakataa. Weka stabilaiza ya kweli yenye uwezo kuzidi mashine zote pamoja, siyo ile ndogo ya TV, maana ampu kubwa ikiwashwa inavuta kwa kishindo na stabilaiza ndogo inaanza kupiga tak tak tak usiku kucha.

Maneno hayasikiki lakini milipuko inasikika

Hii ni ya afande. Ampu karibu haisaidii kabisa, naiandika kwa herufi ndogo lakini isome kwa kubwa.

Ukishamaliza kuweka senta mbele na kuielekeza masikioni na kuhakikisha nyekundu iko kwa nyekundu, ipandishe senta peke yake desibeli 2 au 3 kwenye menyu. Alafu tafuta setingi ya usiku, kila kampuni inaiita jina lake, ndo ile inayokandamiza milipuko na kuinua minong'ono. Kwa mtu anayekaa kwenye flati za Najjera ukuta kwa ukuta na jirani hiyo ni lazima, wala siyo aibu.

Angalia pia TV inatuma nini. Ukitumia HDMI ya ARC, ile inayorudisha sauti toka TV mpaka risiva, ingia menyu ya sauti ya TV, ikiwa imeandikwa PCM mara nyingi inatuma chaneli 2 tu, senta inabaki kubahatisha. Weka AUTO au BITSTREAM au PASSTHROUGH, risiva ikiandika Dolby kwenye kioo chake umefika.

Na zile filamu za VJ, tuwe wakweli. Mtu ameongea Kiganda juu ya filamu nzima, sauti imebanwa, mara nyingi ni chaneli 2, hakuna saraundi, yaani sauti ya kukuzunguka, ya kufukua humo ndani hata ukiweka ampu ya uwanja wa Namboole. Chagua tu Dolby Surround au Pro Logic kwenye risiva, itamvuta VJ aje katikati kwa senta, na hapo inapendeza, mi nazitazama hivyo.

Kuna mmm au bzzz hata kama hakuna kinachocheza

Hii inakuja sana baada ya kuongeza ampu ya pembeni, yaani dawa imeleta ugonjwa mpya. Ukiwa na boksi moja kuna njia moja ya ardhi, yaani ule waya wa earth, ukiwa na mawili na sabwufa na dikoda, kila moja limechomekwa ukuta wake, ardhi zinakuwa mbili tatu na umeme wa hetzi 50 unazunguka kwenye waya zako za sauti.

Chomoa waya ya sauti nyuma ya ampu. Mlio ukikata, ampu haina hatia, unatoka juu huko. Rudisha, alafu chomoa waya wa dishi nyuma ya dikoda. Nakwambia nusu ya kesi zangu zinaishia hapo, dishi liko juu ya mabati, bomba lake limechimbiwa ardhini, linaleta ardhi ya pili mpaka sebuleni. Ukishajua, chomeka mashine zote kwenye ekstensheni moja nzuri, ukuta mmoja. Ikikataa weka kile kitransfoma kidogo cha kutenganisha kwenye waya ya sauti. Kitu ambacho sitaki kusikia ni eti fundi amekata pini ya ardhi kwenye plagi, mlio unaisha kweli, ila siku transfoma ikivuja mwili wa chuma wa ampu unakuwa na umeme na wewe ndo unakuwa pini ya ardhi. Na kama ukigusa chuma cha mashine sasa hivi unahisi vidole vinawashwa, ita fundi umeme aangalie kama nyumba ina ardhi kabisa, ziko nyumba nyingi soketi ina matundu matatu lakini waya ni mbili.

Tofauti nayo, ukiona mlio unatoka kwenye boksi lenyewe na siyo kwenye spika, weka sikio juu ya kifuniko, alafu ujiulize uko kwenye umeme gani. Inveta za bei nafuu za sola hazitoi wimbi la mviringo, zinatoa wimbi la ngazi, na transfoma kubwa za ampu zinalichukia, zinanguruma kama paka. Umeme wa kawaida ukirudi linaisha. Dawa ni inveta ya wimbi safi. Kwenye hili risiva ndogo inavumilia kuliko ampu kubwa, kwa hiyo kama nyumba yako inaishi kwa sola piga hesabu hiyo mapema.

Kuna sss ukikaribia spika

Hapa Uganda ampu rahisi kupata ni za kanisani na za sherehe, zile ndefu za kufunga kwenye raki. Zina nguvu, zina bei nzuri mkono wa pili, sizidharau. Ila zimetengenezwa kwa mikisa inayotoa sauti kubwa, na zina vinobu vya kuongeza mbele, mtu anavifungua mpaka mwisho kwa sababu anadhani ndo nguvu. Siyo nguvu, ni ukuzaji wa kila kitu na sss ikiwemo. Rudisha kinobu chini mpaka usiisikie ukiwa kwenye kiti, nguvu ya mwisho haijapungua, ni risiva tu itasukuma zaidi kidogo. Waya yake pia siyo ileile, upande mmoja RCA ya risiva upande mwingine XLR ya pini tatu, pini 2 ndo inabeba sauti, pini 3 unaiunganisha na 1. Alafu feni. Kanisani hakuna anayeisikia feni, sebuleni wakati watu wawili kwenye filamu wanaagana kimya kimya utaisikia, kwa hiyo iwashe dukani uisikilize kabla ya kulipa.

Besi inavuma au haipo kabisa

Chumba cha urefu wa mita 4 kinavuma chenyewe kwenye hetzi kama 43, ni kasi ya sauti mita 343 kwa sekunde ugawe kwa mara mbili ya urefu. Hakuna ampu duniani inayobadilisha urefu wa sebule yako. Iweke sabwufa pale unapokaa wewe, kwenye kochi kabisa, cheza muziki wa gitaa la besi, alafu tambaa sakafuni ukutani kote kama mtoto, ukifika mahali besi imekaa sawa, haivumi na haipotei, hapo ndo pa kuiweka. Mke wangu alinikuta kwenye zoezi hili akaita majirani. Kama besi haipo kabisa shuku kwanza waya za spika moja zimegeuzwa, chukua betri ya volti 1.5 uguse ncha za waya kwa sekunde moja tu, chanya kwa nyekundu, wufa, ile koni kubwa ya spika, itoke nje. Ikiingia ndani umeipata.

Mwangwi, kila kitu kinapiga kelele

Piga makofi mara moja katikati ya sebule. Ukisikia triiing baada yake, sakafu ya tailizi, kuta za plasta, dirisha kubwa bila pazia, dari gumu, basi ukali unaoulalamikia ni chumba. Zulia nene kati yako na spika, pazia zito, kabati la vitabu ukuta wa nyuma, na bei yake haifiki robo ya ampu. Fanya hivyo kabla ya kurudia kipimo cha maikrofoni, na hicho kipimo usifanye mvua ikinyesha juu ya mabati wala jenereta ya jirani ikinguruma, maikrofoni iwe urefu wa masikio, siyo imelala kwenye kochi.

Ampu imewashwa mara moja, moshi

Hii haina dalili ya pili. Mzigo wa mkono wa pili kutoka Japani ni wa volti 100, wa Marekani volti 120, ukuta wetu ni 240. Nyuma ya mashine kuna maandishi madogo, yasome kabla ya plagi, na muuzaji akikwambia hiyo ni volti zote mwambie akuonyeshe mahali palipoandikwa. Ya Japani inataka transfoma ya kushusha mpaka 100 hasa, zile zinazoshusha mpaka 110 zinaipa zaidi ya ilivyozoea kila siku. Na transfoma hiyo iwe kubwa kuliko mahitaji ya ampu, la sivyo umenunua misuli ukaipa chakula kwa kijiko.

Sasa ukiwa umepima yote na bado unazihitaji

Anza na ampu ya chaneli 3, kushoto, senta, kulia. Sauti kubwa ya filamu iko hapo, na ukizitoa hizo tatu kwenye risiva, spika za saraundi zinabaki na ile transfoma peke yao zinashiba. Waya za spika tumia milimita za mraba 2.5 za shaba kweli, kwa mita 10 zinakuwa na kama omu 0.14 kwenda na kurudi, wakati zile nyembamba za 0.5 zinafika karibu 0.7 na hiyo inaanza kusikika. Kwaruza kwa kisu, ndani ikiwa nyeupe ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba, rudisha dukani.

Ukishaunganisha, washa risiva kwanza ampu ya mwisho, kuzima ampu iwe ya kwanza, bila hivyo spika zitapiga puu kila usiku. Rudia kipimo cha maikrofoni maana ukuzaji umebadilika na mbele sasa zinazidi nyuma. Alafu rudi menyu ya spika uangalie kama imekuandikia LARGE tena.

Afande alinipigia juzi. Sasa anataka sabwufa ya pili. Nimemwambia atambae kwanza.